Maumivu ya Jumatatu

Moknine, 12 Juni 1979

Shangazi yangu Wassila,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama hajambo, analalamikia joto tu. Mke wangu Rafika hajambo, anakusalimu. Huko Bizerte mna upepo wa bahari. Sisi hapa tunaiva kama mkate.

Nakuandikia kwa jambo la kazi. Wewe umeuguza wafanyakazi wa viwandani mpaka ukastaafu, kwa hiyo hakuna wa kunidanganya akakudanganya na wewe.

Unajua mimi ni msimamizi wa ukumbi wa kushona. Upande mmoja ni wanaume wanaobeba majora ya kitambaa na kuyakata. Upande wa pili ni wanawake kwenye vyerehani. Wanaume wakiumwa, huumwa mwisho wa wiki. Ijumaa utamwona Chedly, mkubwa wao, ameshika kiuno. Anapumzika Jumapili, Jumatatu anarudi akipiga mluzi. Hayo ni maumivu ninayoyaelewa. Lakini wanawake! Wao huumwa zaidi Jumatatu. Huyu bega, yule shingo, mwingine kidole gumba. Shangazi, maumivu gani haya yanayozidi baada ya mapumziko? Kuna harufu ya kutegea hapa, na nadhani wamepatana.

Kinara wao ni Nejia, yule ambaye mumewe alikwenda Libya akanyamaza. Jumatatu iliyopita alisema mkono wa kulia haunyanyuki. Nikamfanyia mtihani. Nilimpita kama sina habari naye, kisha nikageuka ghafla, nikamrushia boksi la nyuzi: "Nejia, shika!" Akalidaka kwa mikono miwili, ukumbi mzima unaona. Nikamwambia, "Alhamdulillahi, umepona." Chedly na wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

Mkurugenzi anataka afukuzwe mmoja kabla ya Ramadhani, wengine wapate funzo. Amenipa mimi nimchague. Nisaidie njia nyingine za kumnasa anayejisingizia, nisije nikamwonea mtu.

Mwanao,
Mongi

*

Bizerte, 19 Juni 1979

Mwanangu Mongi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kama shangazi, halafu kama muuguzi. Shangazi alicheka. Muuguzi hakucheka.

Tuanze na boksi. Mtu akirushiwa kitu, mikono hudaka kabla ya kuuliza ruhusa. Hata aliyevunjika ubavu huruka akiona nyoka. Ulitazama alichoweza kufanya kwa kufumba na kufumbua. Hukutazama kilichomkuta baada ya hapo. Alipoliweka boksi chini, alifanya nini na ule mkono? Hukuniandikia, kwa sababu ulikuwa unacheka.

Sasa nikueleze jambo, nawe uwe na subira na bibi kizee. Chukua ndoo ya maji, inyanyue, tembea nayo, itue. Umechoka kidogo, basi. Kisha shika kikombe cha kahawa, nyoosha mkono mbele yako, usikitue mpaka mwadhini aadhini. Kikombe ni chepesi kuliko ndoo, sivyo? Jaribu kisha uniambie ni kipi kilikutoa machozi. Wanaume wako huinama, huinuka, hutembea, hutua. Huumia mgongo na kiuno. Wanawake wako huketi wameinamisha shingo, mikono hewani, kidole gumba kinasukuma kitambaa kile kile kutoka asubuhi mpaka jioni. Huumia shingo, bega na kifundo cha mkono. Mzigo wa mwanamume unaonekana, ndiyo maana unaaminika.

Sisemi miili yetu ni sawa. Misuli haifanani, na kuzaa nako huacha alama zake kwenye viungo. Lakini sikuwahi kuona mwili peke yake ukitosha kuwa jibu. Hizo meza za vyerehani zilipimwa kwa kimo cha nani? Na huyo Chedly anayepiga mluzi Jumatatu, mtazame anapofunga viatu. Asiyelalamika si asiyeumwa. Nimeuguza wanaume waliopiga mluzi mpaka siku waliyobebwa na machela.

Njia za kunasa waongo sina. Nina swali tu. Wanawake hao Jumapili hufanya nini?

Shangazi yako,
Wassila

*

Moknine, 26 Juni 1979

Shangazi mpenzi,

Nilijaribu kikombe. Mkono ulitetemeka, nikamwaga kahawa kwenye suruali, Mama akauliza kama nimerogwa. Lakini mimi sijazoea, wao wamezoea.

Unauliza Jumapili hufanya nini? Hupumzika, Shangazi! Kiwanda kimefungwa. Huu ni msimu wa akiba ya mwaka, kwa hiyo hukaa uani wakiviringisha unga wa ngano uwe punje za kuskusi na kusengenya watu. Kazi ya raha. Rafika naye hufanya hivyo. Jumapili Mama huenda Sayada kwa dada yangu Beya, mimi huenda mkahawani, nyumba humbakia yeye. Jioni nikirudi nakuta kuskusi imeanikwa juu ya paa kwenye mashuka meupe, punje ndogo, sawasawa, kama zimepimwa. Hata Mama, ambaye hajawahi kumsifu mkwe, husema, "Mkono huu wa Rafika umebarikiwa." Na Rafika alishona katika ukumbi huu huu kabla sijamwoa. Sijamsikia akisema "aa" hata siku moja. Basi hawa wengine wana mifupa ya sukari?

Nimefanya uchunguzi wangu. Mwanamume haingii hamamu, bafu la mtaa, siku ya wanawake, lakini mke ana macho. Nilimwambia Rafika, "Nenda ukamtazame Nejia. Kama anabeba ndoo, kama anamsugua mtu mgongo, uniambie." Alirudi uso umeiva kwa mvuke, akasema, "Sikuona kitu."

Shangazi, Rafika huona kifungo kilicholegea kwenye shati la mpita njia. Leo hakuona kitu? Nilipomkazia macho, aligeukia sufuria. Tangu hapo kuna kitu kinanikereketa rohoni. Wanawake wanafichiana, na sasa ufichaji huo umeingia nyumbani kwangu.

Mongi

*

Moknine, 28 Juni 1979

Shangazi Wassila,

Nisamehe kwa mwandiko mbaya. Nikishika kalamu kwa muda vidole vinakufa ganzi, inabidi nikung'ute mkono kama paka aliyekanyaga maji. Ndiyo sababu ya barua hii, na nakuomba kwa haki ya Mungu isitoke mikononi mwako.

Nilitoka kiwandani na ganzi hii. Mongi anadhani niliacha kazi kwa heshima ya ndoa. Nilimwacha adhani hivyo, kwa sababu nilikuwa bibi harusi, na mama mkwe alikuwa ameshasema mbele ya watu, "Tumeleta mtungi mzima, si wa kuungwa." Ningemwambiaje kwamba una ufa? Kwanza nilijitahidi. Lakini kuviringisha kuskusi, Shangazi, wewe unajua. Mkono unazunguka kwenye chano, unazunguka, bega linazunguka nao, kisha chekeche, kisha tena. Mwaka wa pili nilishindwa kabisa.

Anayeviringisha ni Nejia. Zamani vyerehani vyetu vilikuwa ubavu kwa ubavu. Kila Jumapili, Mama akishaondoka kwenda Sayada na Mongi kwenda mkahawani, huingia kwa mlango wa nyuma. Mimi hunyunyiza maji, yeye huviringisha. Huondoka na robo ya kuskusi kwa ajili ya watoto wake, na akifika kwake hufua na kukanda mkate. Kisha Jumatatu mume wangu humuuliza bega limefanya nini.

Kule hamamuni Mongi alitaka nimtazame Nejia, nikamtazama. Hakuweza kuinua kata ya maji mpaka kichwani. Nilitaka kumsaidia, kata ikaniponyoka. Tukashika ndoo moja, kila mtu upande wake, tukajimwagia kama watoto, tukacheka mpaka msuguaji akatukaripia. Ningemwambia Mongi nimeona nini kati ya hayo?

Sasa nasikia kuna mtu wa kufukuzwa. Nikisema ukweli, mimi ni mtungi wa kuungwa na miaka yote nimemlisha kiburi chake kwa mkono wa mwingine. Nikinyamaza, Nejia anapoteza kazi. Nishauri.

Mkweo,
Rafika

*

Bizerte, 4 Julai 1979

Mwanangu Rafika,

Ganzi hiyo ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayokuamsha usingizini, ina jina na ina tiba. Mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Usiku funga kifundo kwa kibao na kitambaa, kikae kimenyooka. Na uende hospitali ya Monastir. Usiende kwa mganga wa kukanda mifupa.

Hilo lilikuwa la muuguzi. La shangazi ni hili. Siri yako nitaitunza. Lakini siri ambayo gharama yake analipa mtu mwingine haiwi tena siri ya mtu mmoja. Mwambie mumeo wewe mwenyewe. Mongi ni mbishi, si mkatili. Nilimlea mimi wakati mama yake anaumwa, namjua. Akiambiwa atapiga kelele kisha ataelewa. Akigundua mwenyewe, atapiga kelele tu.

Wassila

*

Bizerte, 4 Julai 1979

Mwanangu Mongi,

Unasema kuviringisha kuskusi ni kazi ya raha. Nani kakuambia? Mwili hausomi kalenda. Haujui kwamba Jumapili kiwanda kimefungwa. Unajua tu kwamba bega lililozunguka siku sita limezunguka na ya saba. Chedly Jumapili hulala chini ya feni. Mfanye aviringishe kuskusi, tuone kama Jumatatu atapiga mluzi.

Unataka mtihani wa haki? Huu hapa. Jumapili moja funga mlango, kaa mbele ya chano, viringisha wewe. Kesho yake nenda kazini. Na kabla ya kumtaja mtu yeyote kwa mkurugenzi, jiulize kuskusi unayoila inatoka wapi.

Wassila

*

Moknine, 10 Julai 1979

Shangazi,

Mimi niviringishe kuskusi? Uniache niishi mji huu, tafadhali. Hapa mwanamume akionekana na chekeche mkononi, huitwa kwa jina la mkewe mpaka kaburini.

Lakini nimeona maneno yako ya mwisho. Kuskusi yangu inatoka wapi, ndivyo ulivyouliza. Swali la ajabu. Kisha nikakumbuka kwamba tarishi alileta bahasha mbili zenye muhuri wa Bizerte, moja yangu, moja ya Rafika. Nilipomuuliza ulimwandikia nini, akasema, "Mambo ya wanawake." Mnazungumza nini nyie wawili?

Subiri, kuna zaidi. Jumapili mkahawani Hamadi kinyozi aliweka karata chini akasema, "Mongi, hongera. Kiwanda chako kimekuwa na tawi nyumbani?" Nikamuuliza ana maana gani. Akasema, "Yule mshonaji wako, mke wa yule wa Libya, huingia kwa mlango wako wa nyuma kila Jumapili ukishatoka. Mtaa mzima unajua, ila mwenye mlango." Meza nzima ilicheka.

Sasa yote yameungana. Ndiyo maana daktari wa bima alipokuja kiwandani kuwapima bila taarifa, wanawake walikuwa wameshajipanga wameshika mabega. Yote ninayosema mezani kwangu yanafika ukumbini kabla yangu. Mke wangu ni mpelelezi wao! Mimi namtuma hamamuni, kumbe ndiye anayepeleka habari. Na wewe, Shangazi, sijui uko upande gani.

Nimekwenda kwa mkurugenzi nikamtaja Nejia. Jumatatu ijayo ataitwa ofisini. Na Jumapili hii nitatoka kama kawaida, kisha nitarudi kwa mlango ule ule wa nyuma. Nataka niwaone kwa macho yangu.

Mongi

*

TELEGRAMU. Bizerte, 12 Julai 1979

RAFIKA. MWAMBIE KABLA YA JUMAPILI. WASSILA

*

Moknine, 14 Julai 1979

Shangazi,

Telegramu ilipokewa na mama mkwe. Hajui kusoma, akampelekea muuza duka amsomee. Akaja nayo ameishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. "Mwambie kabla ya Jumapili. Amwambie nani? Nini?" Nikasema ni habari ya dawa ya nondo, kwamba nimwambie jirani kabla hajakunja mablanketi ya sufu. Akaigeuza karatasi upande wa pili, akasema, "Wifi yangu kapatwa na wazimu, alipe telegramu kwa ajili ya nondo?"

Mongi haongei nami. Anakula akinitazama mikono. Mara tatu nilifungua mdomo, mara tatu akaniuliza, "Unataka kusema nini?" kwa sauti ya hakimu, na maneno yakarudi tumboni. Mbona ulisisitiza Jumapili? Kuna nini? Unga wa kuskusi ya mwisho kabla ya Ramadhani umeshanunuliwa, Nejia anakuja kesho. Nimeshindwa, Shangazi. Niombee.

Rafika

*

Moknine, 17 Julai 1979

Shangazi,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Vumilia.

Jumapili nilitoka, nikamsubiri Mama apande gari la Sayada, nikazunguka nyuma ya ghala la mafuta ya zeituni, nikasukuma mlango wangu mwenyewe kama mwizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Kwamba nitawakuta wakinong'ona. Kwamba nitakuta mwanamume. Ndiyo, hata hilo nililifikiria, Mungu anisamehe.

Nejia alikuwa ameketi chini, miguu kaikunjua pande mbili za chano, unga mpaka viwikoni. Mkono wa kulia unazunguka, wa kushoto umeshikilia bega la kulia kulizuia lisidondoke. Kila mizunguko michache anasimama, anafumba macho, anaendelea. Rafika yuko kando yake, vifundo vya mikono vimefungwa vibao, ananyunyiza maji kwa ncha za vidole.

Nejia ndiye aliyeniona kwanza. Hakushtuka. Akasema, "Karibu, Bwana Mongi. Leo hutanirushia kitu?"

Nikafoka, kama ulivyotabiri. Nilimuuliza Rafika ni siku ngapi, ni kwa nini, ni nani mwingine anayejua. Alifungua vibao, akanyoosha mikono mbele yangu. Shangazi, nyama ya chini ya kidole gumba imekwisha, pamebonyea kama alama ya kijiko kwenye unga. Nimelala kando ya mikono hiyo miaka yote. Akasema, "Niliogopa utanirudisha kwetu." Nikasema, "Kwa sababu ya kuskusi?" Akasema, "Mbona huyu unamfukuza kwa sababu ya Jumatatu?"

Nejia akageuka. Hakuwa anajua. Akauliza taratibu, "Ni mimi?" Nikatazama unga, naye akaelewa. Alinyanyuka, akakung'uta unga, akachukua shuka yake. Mlangoni akasema, "Unga umeshalowa. Kwa joto hili ukiachwa utachacha mpaka jioni, na Mama yako atauliza. Rafika hawezi. Mimi bega ninalipumzisha, kesho naitwa ofisini. Sijui nani atamaliza."

Nilisimama pale. Chano kizima, akiba ya Ramadhani. Nikafunga mlango kwa komeo, nikavua saa, nikakaa chini.

Walicheka, sitakuficha. Nejia alirudi akakaa kwenye kinu kama msimamizi. "Polepole, Bwana Mongi, usiibonde, si udongo huo." "Haya, Bwana Mongi, mbona mzunguko umekuwa mdogo? Au tuseme unategea?" Mpaka alasiri nilikuwa sijui kama bega ni langu. Ni kazi isiyo na uzito wowote, Shangazi. Hilo ndilo linalotisha. Hakuna kitu cha kutua.

Jumatatu niliamka mkono umeganda. Nikaenda kwa mkurugenzi, Chedly na karani wapo. Nikasema nimekosea, nafuta jina la Nejia. Akasema, "Wiki iliyopita uliapa. Ushahidi gani umepata siku moja ambayo kiwanda kimefungwa?" Nilitaka kunyoosha mkono nionyeshe ukumbi, mkono ukagoma njiani. Akauliza, "Umefanya nini?"

Ulimi uliniambia niseme nimelala vibaya. Nilikuwa nimeshalisema hilo kwa karani asubuhi. Maumivu ya Jumatatu, nani angeniamini? Lakini Nejia alikuwa nje ya mlango ule akisubiri kuitwa. Nikasema, "Nimeviringisha kuskusi, bwana. Siku moja. Hawa huviringisha kila Jumapili, kisha wanakuja kwangu."

Chedly alicheka mpaka akashika kiuno, halafu akakishika kweli, akanyamaza. Mkurugenzi hakucheka. Alinitazama kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama wao, akijiuliza nimehongwa nini. Mwisho akasema hatafukuzwa mtu mwezi huu, ila sasa atakuwa akinichunguza mimi. Nejia amerudi kwenye cherehani chake. Kabla ya adhuhuri wakataji wote walikuwa wakiniita Bi Rafika.

Mongi

*

Moknine, 25 Julai 1979

Shangazi mpenzi,

Ramadhani karim, mwezi ukiandama kesho. Rafika amepewa siku ya kutibiwa Monastir. Meza za vyerehani nimeziomba zishushwe, nimejibiwa tutaona. Jumapili iliyopita Nejia hakuja, alilala mpaka jua likamchoma, anasema. Niliviringisha tena mimi, mlango umefungwa kwa komeo. Hamadi kinyozi sasa anaeneza kwamba ninatengeneza fedha bandia.

Lakini nikueleze ya jana. Mama alionja kuskusi mpya. Akatafuna, akatoa punje moja mdomoni, akaiweka kiganjani. "Rafika," akasema, "hii ni kuskusi au njegere? Mkono wako umepatwa na nini?"

Rafika alikwishafungua mdomo kujitwika lawama. Nikamtangulia. "Ni mkono wangu, Mama. Rafika anaumwa mikono, ameumwa miaka. Nimeviringisha mimi, na bega hili silinyanyui tangu juzi."

Mama alinitazama, akamtazama Rafika, kisha akanitazama tena. Aliinuka akaenda jikoni, nikadhani amekasirika. Akatokea mlangoni na tikiti maji limemjaa kifuani, na ghafla, bila kubadilisha uso, "Mongi, shika!"

Nikalidaka. Kwa mikono miwili, Shangazi. Moto ulinipanda kutoka kiwiko mpaka shingoni, nikaona nyota, lakini nikalidaka.

"Unaona?" Mama akamwambia Rafika, akipangusa mikono. "Haumwi huyu. Anakufichia kosa lako tu."

Mwanao,
Mongi